Siku ya Kurudishiwa Vidari

TANGAZO KWA WANANCHI WOTE. Serikali, kwa kuzingatia utu, uwazi na uadilifu, inawatangazia wakazi wa kijiji hiki kwamba nyama yoyote iliyopelekwa kwa Mtendaji wa Kijiji ili kupata barua au muhuri itarudishwa kwa mwenyewe siku ya Ijumaa, saa tatu kamili asubuhi, mbele ya ofisi. Kila mwananchi afike na chombo chake.

Maneno mazito hayo. Serikali iliyoyaandika ilikuwa imelala kifudifudi kwenye kitanda cha bibi yake, huku Machame, imevaa soksi zilizotoboka, na ilikuwa kidato cha tatu. Ilikuwa likizo ya Juni, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Muhuri wa serikali hiyo ulichongwa kwa wembe kwenye kisigino cha ndala.

Naomba nieleze, kwa heshima zote, jinsi taifa lilivyofika hapo.

Mtendaji wetu, Bwana Shedrack, ni mtu wa mila. Kwetu mnyama akichinjwa kila kipande kina mwenyewe, na kidari huenda kwa mkubwa wa ukoo. Bwana Shedrack alipohamia hapa alifanya utafiti wa kina, akagundua kwamba mkubwa wa koo zote za kijiji ni yeye. Tangu hapo, anayetaka barua hupitisha kwanza kidari. Asiye na mbuzi hupeleka kuku, maana Bwana Shedrack hana ubaguzi. Ukiita jambo hilo rushwa anahuzunika kweli. Aliwahi kutufundisha mkutanoni kwamba rushwa ni bahasha, lakini nyama ni heshima.

Na wasio na heshima huambiwa kwamba muhuri umekwenda Moshi mjini. Sijui unafuata nini huko. Ninachojua ni kwamba hakuna mwanakijiji aliyetembea kama ule muhuri.

Bibi yangu, Bibi Aikande, alikuwa ameambiwa hivyo mara nne. Babu alizikwa mwaka jana kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa yake. Mpaka wetu na jirani, Mzee Yakobo, ni mstari wa masale yaliyopandwa na baba yake babu. Isale ni mmea mtulivu sana, haujawahi kusikika ukisafiri. Lakini tangu Pasaka masale yetu yalikuwa yakihama, hatua moja moja, kuja upande wetu, mpaka kaburi la babu likabaki hatua mbili tu kutoka kwa Yakobo. Baraza la ardhi la kata lilikuwa likae Jumatatu. Bibi alitakiwa kwenda na barua ya mtendaji inayothibitisha kwamba kihamba ni chake. Bila barua asingesikilizwa. Yakobo yake alikuwa nayo, na mifupa ya mbuzi wake tuliiona kwenye mdomo wa mbwa wa Bwana Shedrack.

Majirani walimshauri Bibi achinje. Bibi akakataa.

"Kidari ni cha ukoo," alisema. "Shedrack si ukoo wangu."

Basi Jumanne nikabandika tangazo kwenye mlango wa ghala la kahawa. Ukweli ni kwamba nilitaka kucheka tu. Habari za kupigania haki ya mjane niliziongeza baadaye, nilipoona zinanipendeza.

Ijumaa saa mbili na nusu watu walikuwa wamejaa. Walikuja na mabeseni, ndoo na masufuria, na mmoja alisukuma toroli. Walijipanga mistari miwili mbele ya ofisi kwa utaratibu ambao sijawahi kuuona hata kanisani. Mzee Sifael, mzee wa kanisa mwenye kuheshimika, alidai mbavu za ndama za mwaka juzi, akataka kujua kama serikali itazileta mbichi. Mama mmoja alilalamika kwamba kidari chake kilikuwa kikubwa kuliko cha aliyemtangulia, hivyo asidhani watapewa sawa. Kwa vinywa vyao wenyewe walitaja mnyama, kipande, sikukuu na barua waliyoipata. Hata tume ingelipwa posho ya mwaka mzima isingepata nusu yake.

Bwana Shedrack alitoka, akaangalia mistari, akasoma tangazo ambalo mtu alikuwa amelibandua ghalani akaja nalo. Hakutilia shaka muhuri wangu hata kidogo. Alichoogopa ni kwamba kati ya wale wenye mabeseni yumo mkaguzi aliyejigeuza mkulima, kwa hiyo akaanza kuwapenda wote. Muhuri ulirejea kutoka Moshi palepale, kupitia mfuko wa ndani wa koti lake. Aligonga barua za kila mtu, pamoja na za watu ambao hawakuomba. Bibi, aliyekuja kujaribu mara ya tano, alipata yake kwa dakika mbili, akapewa na kiti. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sweta langu la shule, najiona mkombozi wa umma.

Kisha likaja gari. Alishuka mama mmoja mwembamba, akajitambulisha kuwa anaitwa Evelyn, kutoka ofisi ya kupambana na rushwa mjini. Kuna mtu alikuwa amemtumia picha ya mistari ile.

Hapo ndipo nilipoona ujasiri wa wananchi. Kila beseni lilikuwa limekuja kuazimwa. Mwenye toroli alikuwa akipita tu. Mzee Sifael aliapa kwamba alifika kuuliza saa. Mama Evelyn aliuliza mmoja mmoja nani aliyetoa nini, na ikabainika kwamba katika kijiji chetu hajawahi kuchinjwa hata panzi.

Bwana Shedrack akarudiwa na rangi. Alieleza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kwamba tangazo ni la kughushi, kwamba alitishwa, na kwamba barua zote alizogonga asubuhi ile anazifuta. Akamnyooshea Bibi mkono. Bibi akaikunja barua, akaiingiza kifuani, akafunga kanga juu yake.

Mama Evelyn alisema anasikitika. Asipopata hata shahidi mmoja, mtendaji ana haki ya kuzidai barua hizo. Akalichukua tangazo, akalisoma mpaka chini, akatabasamu.

"Nani hapa anasoma bweni?"

Sikuwatajia vipengele vya mwisho. Cha tano kilisema wasiohudhuria watadeki bwalo. Mkono ulishazoea, ndugu zangu. Kijiji kizima kiligeuka kuniangalia, kwa umoja ambao hawakuuonyesha kwenye ushahidi.

Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, kisha akasema la kughushi tutalizungumza mimi na yeye na wazazi wangu.

"Kwanza nieleze kipengele cha sita," alisema. "Waliopeleka kuku, waliobisha mara mbili mlango wa nyuma, wasimame kushoto. Wa mbuzi, waliobisha mara tatu, kulia. Wazee hawa wanasema hawaujui huo mlango. Wewe karibu mwaka mzima uko shuleni. Hodi umezihesabu wapi?"

"Nilisikia watu wakisema."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

Nilitazama kushoto, nilitazama kulia. Bwana Shedrack alinikazia macho ya upendo mkubwa, ya mtu aliyemo kwenye mtumbwi mmoja na wewe. Ningenyamaza, tungepona wote wawili. Bibi alikuwa ameshika kifua chake kwa mikono miwili, pale ilipokuwa barua.

"Nilibisha mimi," nilisema. "Mara mbili."

Bibi aligeuka taratibu. "Ulipeleka kuku gani, mume wangu? Wewe una kuku?"

"Jogoo, Bibi. Yule mwekundu."

"Uliniambia alichukuliwa na mbwa wa Yakobo."

"Ndiyo, Bibi."

"Nikaenda kwa Yakobo nikamtukana mbele ya wageni wake. Ilikuwa Januari. Tangu siku ile hatusalimiani."

Nilikuwa nikihesabu kutoka Januari hadi Pasaka, na masale yakaanza kueleweka.

Mama Evelyn alitoa karatasi. Alisema maelezo yenye jina na sahihi yatamtosha kuanzia, na barua ya Bibi ibaki ilipo. Kisha akauliza jogoo alinunua nini. Nilijibu kwamba ni barua ya shule tu, jambo dogo. Akasema niandike jambo hilo dogo lote, na mwalimu mkuu atapata nakala.

Bibi akaniachia kile kiti. Nikakaa, nikaandika: Mimi, Elimringi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nakiri kwamba mwezi Januari, nilipochelewa kurudi shuleni kwa wiki nzima, sikuwa na malaria.