Ram Mbili za Ndwiga

Baba yangu, Mwalimu Mukiri, alifundisha Kiingereza katika shule za msingi za Buuri kwa miaka thelathini na mbili, akastaafu akiamini kwamba kila neno lina maana moja, ile iliyo kwenye kamusi yake ya jalada la kijani. Ukimwambia neno fulani limepata maana mpya, anakuuliza ni nani aliyetoa ruhusa. Kamusi yenyewe hairuhusiwi kukunjwa kurasa wala kuguswa na kalamu. Nilichora ua ndani yake nikiwa darasa la pili na bado nakumbuka kiboko. Nasema hayo mapema ili mtu asije akanilaumu mimi peke yangu kwa yaliyotokea Jumamosi ile.

Mimi ni Kiende. Nina miaka thelathini na moja, nasimamia maabara katika shule moja ya wasichana kule Kaaga, sina mume, na napenda gemu. Hayo mawili ya mwisho yangewasumbua sana watu wa kwetu Ruiri, ila la gemu walikuwa hawalijui. Kwa miaka miwili nilikuwa nikichezea katika kibanda kimoja nyuma ya soko la Meru mjini, shilingi ishirini kila mchezo, nimebanwa katikati ya wavulana wanaoniita "Madam" huku wakinipiga mabao bila huruma. Siku moja mmoja wao akanigusa bega akaniambia niinuke, mwenye kiti amefika. Mwenye kiti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilitoka pale nimekula kiapo kwamba nitajijengea kompyuta yangu mwenyewe, hata kama ni kipande kwa kipande.

Na ikawa kipande kwa kipande kweli, maana mshahara wa maabara mnaujua. Aliyeniongoza ni Abdimajid, muuzaji wa vifaa vya kompyuta pale mjini, mtu anayependa kukukataza kununua vitu anavyoviuza yeye mwenyewe.

"Dada, kwenye kesi bania, kwenye pawa usibanie," aliniambia siku ya kwanza nilipokuwa nakodolea macho kesi ya vioo yenye taa za rangi saba. "Kesi ni nguo tu. Lakini pawa ikiwa mbovu, inakuulia ukoo mzima."

Nikaiacha ile ya vioo roho ikiniuma, nikachukua kesi nyeusi ya bati isiyo na hata taa moja. Pawa, kile kisanduku cha kugawia vipande umeme, nikanunua mpya. Diski, mpya lakini ndogo. Kadi ya kuchorea picha za gemu, ambayo ndiyo inayokula pesa nyingi, nikapata iliyotumika katika saiba moja iliyofungwa, nikaisugua vumbi kwa mswaki jioni nzima. Vikabaki viwili: mama bodi, ule ubao wenye vijiguu vya chuma unaounganisha vipande vyote, pamoja na prosesa yake, na ram. Ram ni vile vipande vyembamba mfano wa rula iliyokatwa nusu, ambavyo kompyuta hukumbukia kazi iliyo mkononi. Bila ram, vyote vingine ni vyuma tu.

Nilipomuuliza Abdimajid bei ya ram alinivutia kiti kwanza.

"Zimepanda," akasema. "Makampuni makubwa ya ng'ambo yanazizoa zote kwa mitambo yao. Chukua bei ya mwaka jana, zidisha mara mbili, na bado hujafika."

Nilirudi Kaaga kwa miguu, nikiwalaani watu wa ng'ambo mmoja mmoja.

Ndipo nikampata Ndwiga kwenye kundi la simu la watu wanaouziana vitu vilivyotumika. Alikuwa fundi wa sola wa Embu, amepata kazi Isiolo, na alisema joto na vumbi la huko vitamuulia kompyuta, heri aiuze vipandevipande. Mama bodi yeye aliiita mama tu. Alikuwa na mama mzima, prosesa ndani yake, na ram mbili zinazofanana, vyote kwa bei ya zamani. Pesa zangu zilitosha hapo hapo, bila shilingi ya juu.

Jumapili nikiwa nyumbani Ruiri, nilimpigia simu kutoka nyuma ya zizi la kondoo, maana hapo ndipo mtandao hushika. Sikujua kwamba Baba yumo ndani ya zizi, amepiga magoti, anakata kwato. Haya ndiyo aliyoyasikia, na naapa ndiyo niliyoyasema:

"Ndwiga, usiniangushe bana. Ram ni mbili, si ndiyo? ... Zii, moja haitoshi, lazima ziwe mbili, na zifanane. Zisipofanana hazitaelewana. ... Na mama yuko sawa? Miguu haijapinda? ... Basi kuja naye, ila umfunge vizuri asigongwe njiani. ... Jumamosi nitakuwa hapa kwetu Ruiri, si unapitia tu ukienda Isiolo? Mimi nimengoja hii siku sana. Ukifika tunamaliza."

Sasa, kwetu Wameru mwanamume akija kuanza kutoa ruracio, yaani mahari, kondoo dume hakosekani. Nasi huyo humwita nturume. Lakini katika kamusi ya kijani jina lake ni ram, basi, hakuna lingine. Baba alisikia kwamba kijana wa Embu anakuja Jumamosi na kondoo dume wawili, pamoja na mama yake mwenye shida ya miguu. Hapo pa kumfunga mama palimshangaza kidogo, alituambia baadaye, lakini akafikiri ni mkanda wa gari. Mama aliniambia kwamba kilichomliza mzee ni vile nilivyosisitiza wawe wanaofanana. Alifuta machozi akasema, "Kumbe huyu mtoto anajua mila."

Kwangu hakusema neno. Alhamisi tu ndiyo alinipigia simu, sauti imelainika ajabu.

"Huyo mgeni wako wa Jumamosi, anakula nini?"

Nilishtuka kidogo amejuaje, nikadhani ni Mama amemwambia. "Baba, hatakaa. Anaacha vitu anapita."

"Vijana wa siku hizi," akasema, akakata simu.

Jumamosi nilifika na boksi langu la vipande, kwa sababu Abdimajid alinionya nisimlipe mtu kabla ya kuona kitu kinawaka. Nilifungua geti nikaona hema. Nikaona viti vya kukodi, wazee wa ukoo wamevaa makoti, akina mama wanaponda nkima ya viazi na ndizi kwenye sufuria inayoweza kumkalisha mtu. Dume kubwa la Baba, lile lenye kichwa cheusi ambalo hakuna anayeruhusiwa hata kulipigia mluzi, lilikuwa limefungwa kwenye mti tayari kuchinjwa.

"Nani amekufa?" nikamuuliza Mama.

"Hakuna aliyekufa. Ingia ukabadilishe nguo."

Kabla sijauliza mara ya pili, pikapu ya Ndwiga ikapiga honi getini. Ilikuwa imejaa nyumba nzima: godoro, jiko, meza, ndoo za rangi. Akashuka, kijana mrefu wa fulana na kaptura, akawaona wale wazee, akavuta kaptura chini kidogo. Kabla sijamfikia, baba yangu mdogo, Mzee Riungu, ambaye ndiye msemaji wetu, alikuwa amemshika mkono na kumkalisha mbele ya watu wote. Baba akasimama na karatasi mbili zilizoandikwa pande zote.

"Karibu sana, Bwana Ndwiga," akasema. "Tumeambiwa umekuja na rams mbili."

Ndwiga akashusha pumzi, angalau hilo alilijua. "Ndio mzee. Mbili, vile tulisikizana na Kiende."

"Vizuri sana. Ziko wapi?"

Ndwiga akapapasa kaptura. "Hapa kwa mfuko."

Mzee Riungu, ambaye sikio lake la kulia limelala, akainama kwa jirani. "Amesema wapi?"

"Mfukoni."

"Na mama?" akauliza Mama yangu, ambaye tangu alfajiri alikuwa akimngoja mgeni mwenzake.

"Mama yuko sawa, nimemfunga na gazeti," Ndwiga akajibu kwa heshima zote. "Nimemweka ndani ya sufuria, pale chini ya godoro."

Mama yangu akakaa chini. Mzee Riungu akaitafuta fimbo yake. Nami nilikuwa tayari nimepita katikati ya viti vya watu nikipiga kelele.

"Baba! Ram si kondoo!"

Baba akanitazama juu ya miwani. "Tangu lini?"

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kimeru, nikafungua boksi nikaonyesha. Ndwiga akatoa zile ram mbili kwenye kimfuko cha plastiki zikazungushwa kwa wazee, mmoja akainusa, mwingine akaipima uzito kwa kiganja. Ilipomfikia Mzee Riungu aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Hii ndiyo nturume?" akasema. "Haina hata pembe."

Hema zima likacheka. Akina mama waliacha kuponda. Mimi nilikuwa nimejiandaa kukasirika, na nilikuwa na haki, maana ni nani huita ukoo mzima kwa sababu ya simu ya nyuma ya zizi? Lakini nikamwona Baba anakunja zile karatasi zake mbili, polepole, mara mbili, anazitia mfukoni. Hakuwa anacheka. Hasira yote ikaniponyoka nikabaki na aibu.

Ndwiga akajikohoza. "Kiende, kuna kitu nilikuwa nataka kukwambia, ata sijui kama ni saa yake. Kuna msee wa Isiolo amenipigia asubuhi. Anaongeza elfu nane juu ya zako. Si ubaya, lakini naanza nyumba mpya, na hizi ram zimepanda, wewe mwenyewe unajua. Ukiongeza, nakuachia wewe."

Sikuwa na elfu nane. Sikuwa na mia nane. Mama bila ram hawaki, na mwaka ujao nisingeifikia bei hiyo tena. Nikaona nikirudi kwenye kile kibanda, nikigongwa bega niinuke. Basi mbele ya wazee waliokuja kuniona nikiposwa, nikalia. Nililia kwa sauti, bila hata leso, kwa ajili ya rula mbili.

Baba akasogea karibu. "Kile kitu ulisema umekingoja sana, ni hiki?"

"Ndiyo, Baba."

"Si mtu?"

"Si mtu."

Baba akatembea hadi kwenye mti, akafungua kamba, akarudi akilivuta lile dume lake la kichwa cheusi, na watu wakampisha.

"Bwana Ndwiga, Isiolo dume kama huyu anauzwaje?"

Ndwiga alimtazama mnyama kuanzia kichwani hadi mkiani. "Huyu? Huyu anapita elfu nane na mbali, mzee."

"Basi chukua ram," Baba akasema, "tuachie ram."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia akitumia neno moja kwa maana mbili.

Tuliiunganisha kompyuta sebuleni, kwenye runinga ya Baba, wazee wamejaa mlangoni. Mama akatolewa kwenye sufuria. Nilipobonyeza, feni zikazunguka, kioo kikawaka, na mtu nyuma yangu akapiga vigelegele kwa mazoea tu. Nikaipakia gemu ya mpira. Mzee Riungu alijaribu, akajifunga mabao mawili, akadai refa amehongwa. Nyama haikuwepo tena, kwa hiyo watu walikula nkima kavu na kulalamika mpaka wakashiba.

Tulipomsindikiza Ndwiga, dume likiwa limesimama juu ya godoro lake na kutuangalia kwa dharau, Mzee Riungu akainua fimbo.

"Ngojeni kwanza. Anayetoa nturume ndiye anayeoa, sivyo? Sisi tumetoa. Huyu Mwembu amepokea." Akamgeukia Ndwiga. "Kijana, wewe sasa ni wetu. Usilale nje."

Ndwiga alicheka hadi akashindwa kuwasha gari. Akaniambia nikipata shida yoyote na mama nimpigie, na nikaahidi nitapiga nikiwa mbali na zizi.

Jioni nilienda sebuleni kufungua nyaya nirudi Kaaga. Baba alikuwa ametoka kuhesabu kondoo waliobaki. Mbele ya runinga niliikuta kamusi ya kijani, imeachwa wazi kwenye herufi ya R, na kalamu yake nyekundu ya kusahihishia ikiwa katikati ya kurasa. Kando ya neno ram, pembeni kabisa, kwa mwandiko ule ule uliojaza ripoti zangu zote za shule, alikuwa ameongeza mstari mmoja.

"2. Kitu alichokingoja Kiende."