Bishar Atafuta Huzuni

Bishar alikuwa ofisa wa mipango mjini Garissa, mtu wa kiyoyozi na kiti cha kuzunguka, na maishani hakuwahi kukosa kitu ila usingizi wa mchana siku za mikutano. Kwa hiyo watu walishangaa aliporudi kutoka Nairobi na gitaa, akitangaza kuwa sasa yeye ni mpiga bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi.

"Huzuni ya nani?" aliuliza Hinda, mkewe.

"Yangu."

"Tangu lini?"

Bishar akajifungia sebuleni na simu yake. Mwalimu wa kwenye video alisema skeli ya bluzi, yaani ngazi ya sauti zake, ina noti sita tu, na anayezijua anaweza kubuni muziki wake papo hapo. Bishar aliposikia "sita tu" alifurahi kama mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umefutwa. Akazipanda noti zile, akazishuka, akazipanda tena, jioni baada ya jioni. Lakini kila alichobuni kilikuwa kilekile: juu, chini, juu, kama fundi anayesahau nyundo kila akipanda paa.

Akaamua kwamba kosa si la vidole, ni la maisha yasiyo na tabu. Basi akaanza kuitafuta tabu. Akaacha kutia maziwa ya ngamia kwenye chai. Akalala sakafuni kwenye mkeka, akaamka na mgongo unaouma na noti zilezile. Mwishowe akaenda soko la mifugo, akamkuta Nunow, mfugaji kutoka Buna ambaye ukame ulikuwa umemfagilia ngamia karibu wote.

"Ulijisikiaje walipokufa?"

"Umetumwa na serikali? Mnaleta malisho?"

"Hapana. Ni kwa ajili ya muziki."

Nunow akawageukia wenzake. "Huyu anataka kuwaimba ngamia wangu waliokufa. Walipokuwa na kiu hatukumwona."

Soko zima likacheka. Bishar akarudi ofisini haraka, akiamini ameshaumia vya kutosha.

Ikaja harusi ya Awil, kaka yake Hinda. Bishar aliomba apige kidogo pamoja na Abshir, mpiga kinanda. Akafumba macho, akakunja uso kama mwenye jino bovu, akaanza kupanda na kushuka. Alibuni kwa muda mrefu. Alipopumzika, habaryar Timiro, mama mdogo wa Hinda, alisema kwa sauti iliyofika hadi jikoni:

"Bishar mwanangu, ukishamaliza kukaza hizo nyuzi, tupigie wimbo basi."

Kicheko kilichofuata kilimtoa nje. Hinda alimfuata, akamkuta ameegemea ukuta.

"Sasa huzuni unayo?"

"Ninayo, wallahi."

"Basi nisikilize. Unapiga kama unavyohutubia, hupumui. Wanawake wakiimba buraanbur, mmoja anatoa mstari, wenzake wanaitikia kwa makofi na ngoma. Wewe unajiuliza, unajijibu, kisha unajishukuru mwenyewe. Sema neno moja, kisha nyamaza."

Bishar alirudi ndani, masikio yakimwaka. Akapiga noti tatu, ya mwisho akiivuta kwa kidole mpaka ikalia kidogo. Akaacha. Ukimya ulimtisha, vidole viliwasha kutaka kuujaza. Ndipo kinanda cha Abshir kikajibu. Bishar akarudia noti zake tatu, akiipindua moja tu, na safari hii makofi ya wanawake yakaingia palepale alipoacha nafasi. Kifua kilimjaa. Kwa mara ya kwanza alikuwa amemsikia mtu mwingine.

Yale makofi ndiyo yaliyomharibu. Akasahau, akaanza kukimbilia juu tena na noti zote sita, na Abshir, mtu mstaarabu, akaongeza sauti ya kinanda mpaka gitaa likamezwa.

Jumatatu Bishar aliwaambia wenzake kazini kwamba siri ya bluzi ni kunyamaza. Alianza kuieleza wakati wa chai ya saa nne, na adhana ya adhuhuri ilimkuta bado anaieleza.