Kalibu ya Mwalimu

Shemeji yangu ana kipaji cha kuleta habari njema kwa namna ya kumkera mtu. Jumatatu asubuhi alikuja dukani, akasimama na viatu vya vumbi juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki, akaniambia kiwanda cha viatu anakofanya kazi kinatafuta msimamizi wa kitengo cha gundi, na kwamba jina langu ameshalipeleka.

"Wanataka jibu Ijumaa," alisema. "Usije ukanitia aibu."

"Nani kakwambia natafuta kazi?"

"Shemeji, umekaa humu unauza malapa. Hiyo nayo ni kazi?"

Nilimfukuza kwa mzaha, lakini neno lake liliniingia. Nina miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikipokea viatu vilivyoshonwa na watu nisiowajua, navipanga kwenye rafu, navisifia kwa wateja. Cherehani yangu ya ngozi nilikuwa nimeigeuza meza ya kuwekea chupa ya chai.

Jioni nilimweleza mke wangu.

"Mimi usiniulize," alisema bila kuacha kupiga pasi. "Mimi nitakubali hata kazi ya kuhesabu mawe, ilimradi uache kununa. Kaa chini ujiulize mwenyewe. Tena ujiulize kweli, siyo kule kujiuliza kwako kwa kulala."

Ananijua. Nikipewa jambo zito la kufikiri, usingizi hunijia bila kuitwa.

Basi Jumatano sikufungua duka. Niliingia chumba cha nyuma, nikafunga mlango, nikakaa juu ya katoni ya raba za watoto. Mwanzoni niliwaza basi la wafanyakazi na sare yenye jina langu kifuani. Nikajiona naota mchana. Ndipo nikajiuliza swali ambalo kwa kweli nilikuwa nalikwepa siku zote: ni lini mara ya mwisho nilifanya kazi mpaka nikasahau kula?

Jibu lilikuwa kwenye rafu ya juu, ndani ya gunia. Ni kalibu zangu. Fundi viatu huchonga mti kwa umbo la mguu wa mteja, kisha akashonea kiatu juu yake. Mti huo ndio kalibu, na kila mmoja huandikwa jina la mwenyewe. Mimi nilikuwa na kalibu kumi na nne, zote za watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Nilijaliwa mkono wa kazi hiyo. Nilikuwa naipandisha soli tabaka kwa tabaka, mpaka mtu anakupita njiani na wewe huoni kitu. Kiatu kimoja kilinichukua siku nne. Mke wangu aliniletea chakula, akarudi akakikuta kimepoa, akanisema, nami simsikii.

Kwa nini niliacha? Hapo nilijidanganya kwa muda. Nikasema ngozi nzuri iliadimika, nikasema macho. Uongo mtupu. Niliacha kwa sababu mafundi wenzangu walinibandika jina, Fundi Mguu Mmoja. Waliniita hivyo sokoni, wakaniita hivyo hata kwenye harusi ya dada yangu, nami nacheka nao huku roho inaniuma. Siku shemeji aliponiletea katoni ya kwanza ya malapa nilihisi nimeokoka. Utani wa watu wanne tu, nikauacha uninyang'anye kazi niliyoumbiwa. Nilipolikiri hilo kwa sauti, mle ndani peke yangu, nililia. Sioni haya kulisema.

Nilitoka nikiwa nimekata shauri. Nilimpigia shemeji nikamwambia kiwanda kitafute mtu mwingine. Alinikatia simu, na mpaka leo akinisalimia hunisalimia nusu.

Kalibu ya kwanza kutoka guniani ilikuwa ya Mwalimu. Mama huyo alifundisha hesabu shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, na mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kwa sentimita tano tangu utotoni. Ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza katika kazi ile. Nikasema nitaanza na yeye, tena iwe zawadi, ajue nimerudi. Niliifuta vumbi cherehani, nikaitia mafuta, nikatafuta ngozi nyeusi laini. Nilifanya kazi siku nne. Mke wangu alichungulia mlangoni, akaondoka kimya, na kwa mwanamke yule kimya ni pongezi kubwa.

Jumapili nilikwenda kwake nimekifunga kiatu kwenye gazeti, natembea kama bwana harusi. Alinifungulia mwenyewe. Mkononi alikuwa na mkongojo. Sikuwahi kumwona na mkongojo. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka, kiuno kimepinda, na alihitaji kushika fremu ya mlango ili anipishe.

"Fundi! Nilidhani ulihama mji."

Nilicheka kicheko cha mtu mwenye hatia, nikafungua gazeti. Alikishika kile kiatu, akakigeuzageuza, akakipapasa kwa ndani. Nilipiga goti nikamvika. Kilimkaa sawasawa, ngozi haikukunjamana popote. Alisimama, akapiga hatua mbili. Uso ukambadilika, akaegemea ukuta.

"Kivue," alisema. "Fundi, nivue tafadhali."

Pumzi zilipomtulia alinieleza. Miaka kumi na moja alikuwa amevaa viatu vya kawaida, kwa sababu hakupata mwingine wa kumtengenezea. Mgongo na kiuno vilijizoeza kuegemea upande mmoja, na daktari alikuwa ameshamwambia kwamba vimekomaa hivyo hivyo. Kuuinua mguu sasa ni kuvinyonga.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema, akijaribu kunichekesha. "Mimi nimeshakauka, Fundi."

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Fundi viatu huiamini kalibu kuliko macho yake, maana watu husahau vipimo vyao na mti hausahau. Nami nilikuwa nimemshonea Mwalimu wa miaka kumi na moja iliyopita. Jumatano ile nilikaa nikijiuliza habari zangu mimi tu. Moyo wangu, kipaji changu, aibu yangu. Haikunijia hata mara moja kuvuka mitaa miwili nikamwulize yeye anatembeaje.

"Mbona hukuniambia?" nilimwuliza, na kabla sijamaliza nilijua nimeuliza upumbavu.

"Nilikuja mara tatu," alisema. "Mara mbili nilikuta umefunga. Mara ya tatu ulikuwepo na wenzako, mnacheka. Uliponiona ukasema, 'Mwalimu, njoo wiki ijayo,' halafu ukanipa mgongo. Nikaona nakuaibisha."

Siku hiyo siikumbuki. Nimejaribu kuikumbuka mara nyingi tangu hapo, nimeshindwa. Yeye anakumbuka hata shati nililovaa.

"Sasa usiondoke nacho," aliniambia. "Kipunguze, nione naweza kiasi gani."

Nilikaa kizingitini, nikatoa kisu. Nilibandua tabaka la kwanza, akajaribu, akatikisa kichwa. Nikabandua la pili. La tatu lilipotoka alisimama, akahesabu mpaka kumi kama yuko darasani, kisha akaketi ameuma meno. Nilipobandua la nne alitembea mpaka mezani akarudi.

"Hapa napaweza."

Sentimita moja. Kati ya zile tano nilizoweza kumpa, mwili wake ulikuwa umebakiza nafasi ya moja. Nilitaka kumwomba radhi. Yeye akaniwekea mkono begani, nikazidi kuumia. Angenitukana ningepata nafuu.

"Na wale wengine?" aliuliza. "Ulikuwa na watu wengi wa namna yangu. Umeshawaona?"

"Bado."

"Basi nenda. Lakini usiwapelekee viatu. Nenda na futi yako ya kupimia."

Nilikwenda kesho yake. Nyumba ya kwanza niliambiwa mwenyewe alishafariki, mwaka wa nne sasa. Ya pili alitoka mzee muuza magazeti, anatembea kwa kushika ukuta. Aliniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Nilimweleza ukweli wote, mpaka ule wa kuona haya. Alivuta kiti, akaketi, akaunyoosha mguu, nami nikapiga goti nikaanza kupima.