Nguo Zilizofuliwa

Mtu akitenda jambo sahihi, kwa mikono safi na kwa upendo, kisha jambo hilo likazaa msiba wa pili juu ya ule wa kwanza, kosa lihesabiwe la nani? Mshonaji mmoja wa mablanketi ya viraka alijiuliza swali hilo, sindano ikiwa imesimama kitambaani.

Wenzake walimwita Fua-Kwanza. Jina hilo lilimganda tangu alipokuwa anajifunza kazi, alipounganisha viraka vyekundu na vyeupe katika blanketi la bibi harusi bila kukifua kwanza kitambaa chekundu. Siku blanketi lilipoingia majini, wekundu ulitambaa kila mahali, likatoka kana kwamba palichinjiwa kuku juu yake. Tangu hapo hakutia mkasi kitambaa chochote ambacho hakijapita kwenye beseni. Katika chumba chao cha kazi, chenye cherehani tatu na dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani, kila mmoja alikuwa na kosa lake la namna hiyo, na makosa hayo ndiyo yaliyokuwa shule yao. Bi Mkubwa, mwenye chumba, aliwahi kukata viraka bila kuacha nafasi ya mshono, blanketi la mke na mume likaishia kuwafika magotini. Kasuku, ambaye mdomo wake haukujua likizo, aliwahi kuishona sketi yake mwenyewe pamoja na blanketi, akainuka kumlaki mteja huku akiiburura kazi nzima hadi mlangoni. Waliyasimulia hayo kwa vicheko, kwa kuwa hakuna hata moja lililomwachia mtu zaidi ya aibu.

Kisha dada yake Fua-Kwanza, wa tumbo moja, akafiwa na binti yake wa pekee. Msichana mwenyewe ndiyo kwanza viatu vya mama yake vilikuwa vimeanza kumtosha. Fua-Kwanza alikuwa mama yake mdogo, na hapo chumbani msichana alizoea kuja kuwaibia vifungo na kuvirudisha akiombwa kwa jina zuri. Baada ya mazishi, dada alileta nguo za marehemu katika mfuko uliofungwa fundo gumu. Alisema machache: anataka blanketi la kujifunika. Hakueleza kwa nini mfuko umefungwa vile, wala kwa nini nguo hazikufuliwa. Fua-Kwanza alidhani huzuni imemnyang'anya dada nguvu ya kufua, akamwonea huruma. Akazifua mwenyewe, moja moja, kola kwa kola, kwapa kwa kwapa, machozi yakidondokea povuni, akiamini kwamba anamtumikia mtoto kwa mara ya mwisho. Zilipokauka zilinukia sabuni na jua. Akakata.

Blanketi lilikuwa limefika nusu dada alipopita kulitazama. Alikaribishwa kiti, akawekewa kazi mapajani, na wanawake watatu wakangoja kusikia maoni yake juu ya rangi. Hakuzitazama rangi. Alilipeleka blanketi usoni. Akavuta pumzi kwenye kiraka cha sare ya shule, kisha kwenye kile cha gauni la njano, kisha kwenye cha fulana ya kulalia, akarudi akaanza upya, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kiberiti. Hatimaye akainua macho.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "mbona simpati?"

Fua-Kwanza akafumbua kinywa. Bi Mkubwa ndiye aliyewahi. Kwa sauti ya upole na ya uhakika alieleza kwamba pamba mpya iliyomo ndani ndiyo inayofunika kila kitu. Blanketi likikamilika, likilaliwa na kupata joto la mwili, harufu ya mtoto itarudi yenyewe.

Uso wa dada ukalegea. Akasema kwamba mto wa marehemu aliukumbatia mno, hata sasa unanuka harufu yake yeye mama, si ya mtoto. Ndiyo sababu nguo alizifungia. "Nilikuwa nafungua mfuko kidogo tu," akasema, "nisimmalize." Akamshukuru mdogo wake kwa kazi, akaahidi kungoja, akaondoka.

Kasuku ndiye aliyeanza, kwa kunong'ona. Aliyajua mafuta aliyokuwa akijipaka msichana, na alijua yanakouzwa. Tone moja tu kwenye kola, shoga yangu, nani atajua?

"Mwanangu," akaongeza Bi Mkubwa, "kitambaa kikitoboka hatupigi mbiu. Tunabandika ua juu ya tundu, na mwenye blanketi analala usingizi wake. Maji yamekwisha kumwagika haya. Ukimwambia, utamzika mtoto mara ya pili, na wewe atakuchukia."

"Ua linakaa juu ya tundu, Bi Mkubwa. Huyu ni mtu anayengoja," akasema Fua-Kwanza.

"Kungoja si kubaya kuliko kukosa."

Fua-Kwanza alijua yapo mateso ambayo hata mtu mwema huyaahirisha. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumaliza kazi, na dada angelipokea blanketi kwa mikono miwili. Lakini alimwona pia dada yake akilala chini ya blanketi hilo, akijikunyata, akijifunika hadi kichwani ili joto lisipotee. Akiamka na kunusa, na kukosa. Akidhani kwamba ni mwili wake ndio usiotosha, kwamba hata joto la mama halikufaa kumrudisha mwana. Uchungu huo ungekuwa wa uongo, na mshonaji wake angekuwa yeye.

Akachomoa sindano, akaichomeka kwenye kimto chake cha sindano. Akalikunja blanketi nusu kwa nusu, akalikumbatia. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Nakwenda kwa dada sasa hivi," akawaambia. "Nitamwambia kwamba nguo nilizifua mimi, zote, na kwamba harufu haitarudi. Akitaka nimalizie, nitamalizia. Akitaka nisimwone tena, nitakubali. Asinifuate mtu."