Kiuno cha Kamanda

Fundi alikuwa na madaftari mawili, na yote mawili alikuwa ameyaandika VIPIMO kwa kalamu nene ya bluu. La kwanza alipewa kliniki, aandike humo sukari yake kila siku kabla ya chakula cha mchana. La pili lilikuwa la kazi: mabega, vifua, mikono na viuno vya watu wote waliowahi kusimama mbele ya cherehani yake wakiambiwa waache kuvuta tumbo ndani. La kazi lilikuwa limechakaa hadi kona zimejikunja. La kliniki lilikuwa jipya kabisa, na hapo ndipo penye kisa.

Si kwamba hakupima. Alipima, tena kwa maringo. Mwanamke aliyechomwa na sindano kwa miaka thelathini hawezi kutishwa na kijisindano cha kutoa tone moja la damu. Ila mashine ya kupimia aliiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na chaki na pini, na daftari lililokuwa wazi mezani wakati wote lilikuwa la kazi. Basi alipima, akaandika namba pembeni kwa wino mwekundu, kando ya mteja aliyekuwepo saa hiyo, akijiambia atainakili baadaye. Hakuwahi kuinakili.

Wateja nao hakuwaandika kwa majina yao. Aliandika kile alichoambiwa na futi yake ya shingoni: Bega Chini, Mikono Mirefu, Bwana Kitambi. Na mmoja alimwandika Kamanda.

Kamanda alikuwa dada yake wa tumbo moja, aliyemzidi miaka sita, mwanamke wa kuingia mahali na watu wakakaa sawa wenyewe. Tangu Fundi aambiwe ana kisukari, dada mtu alijipa kazi ya kumlinda, na aliishika kwa mikono miwili. Aliagiza gauni la bluu. Lilipokwisha akalikataa: kiuno kinabana. Likafumuliwa, likashonwa, akalikataa tena. Kila Jumanne na kila Ijumaa alitia guu dukani, na Fundi alipoinama kufumua mshono, yeye alifungua droo, akanusa kikombe cha chai, akainua vitambaa kimoja kimoja kutafuta maganda ya biskuti.

“Umekula nini leo?”

“Nilichokula jana, dada.”

“Na jana ulikula nini?”

Fundi alimpenda dada yake. Pia alimwogopa. Akisikia tu viatu vyake kwenye ngazi, mabega yalimpanda hadi masikioni na uzi ukamkatikia mkononi. Hayo mawili yaliishi pamoja ndani yake, na tusidanganyane, yanaishi ndani ya wengi wetu.

Lakini gauni halikuwa jambo kubwa. Mama yao naye alikuwa fundi, aliugua maradhi haya haya, na siku yake ya mwisho alianguka kutoka kwenye kiti kile kile anachokalia Fundi sasa, mbele ya cherehani ile ile. Kamanda ndiye aliyemwinua. Tangu hapo alikuwa amekata shauri kwamba kushona ndiko kulikomuua mama, na sasa kunammaliza mdogo wake. Alimkalia kooni Fundi mpaka Fundi, kwa kuchoka tu, akatoa ahadi: siku ya kliniki ikifika na sukari haijashuka, duka linafungwa na cherehani inahamia nyumbani kwa Kamanda.

Siku ikafika. Fundi akanyakua daftari lililoandikwa VIPIMO, akalitia mkobani, wakaondoka.

Nesi alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, asiyependa kudanganywa. Aliyatazama majibu ya maabara kwa muda mrefu.

“Haijashuka,” akasema. “Imepanda kidogo.”

Kamanda akashusha pumzi, na haikuwa pumzi ya mshindi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. “Si nilisema? Anakula kwa kificho, nesi. Leo leo cherehani inahama.”

“Sili kwa kificho,” Fundi akasema. Alikuwa ameshayasema maneno hayo hadi yamepoteza ladha. Aliiona cherehani ya mama imefunikwa shuka kwenye kona ya sebule ya dada yake, na yeye mwenyewe ameketi kando yake, mikono mitupu, anahesabiwa vijiko vya chakula. Vidonge havikumwogofya, wala sindano. Hilo lilimwogofya.

“Dawa unameza?” nesi akauliza.

“Kila siku.”

“Nipe daftari lako.”

Fundi akalitoa. Nesi akalifungua, akakunja uso.

“Bwana Kitambi,” akasoma. “Kiuno mia moja na kumi. Suruali mbili. Hii ni nini?”

Fundi alitamani ardhi ipasuke. “Yallah! Nimebeba la wateja. Samahani, nesi, nipe nikimbie nilete lile lingine.” Akanyoosha mkono, akijua vizuri kwamba lile lingine halina kitu.

Nesi hakulitoa. “Ngoja kwanza. Hizi namba nyekundu pembeni?”

“Ndiyo sukari yangu.”

Kidole cha nesi kikaanza kushuka pembeni mwa ukurasa. “Mikono Mirefu, saba. Bega Chini, saba. Hapa je, sare za shule, watoto kumi na wanane kwa siku moja?”

“Siku hiyo hata maji nilikunywa nimesimama.”

“Sita na nusu.” Akageuza ukurasa. “Kamanda, gauni la bluu, kumi na mbili. Bega Chini, saba. Kamanda, gauni la bluu, kumi na moja. Kamanda, kumi na tatu.” Akainua macho. “Huyu Kamanda ni nani, kila akija sukari inapanda?”

Fundi akatazama dari. Dari haikumsaidia.

“Ni mteja.”

“Mkorofi?”

“Hapana. Ana mapenzi mengi.”

Nesi akacheka kidogo, akaweka kalamu chini. “Sikiliza. Mwili haubagui. Ukikimbizwa na mbwa au ukikaliwa kooni na mtu, ini linafanya kazi ile ile: linamwaga sukari kwenye damu upate nguvu za kukimbia. Sasa wewe hukimbii, umekaa kwenye kiti, sukari inabaki inazunguka. Hiyo haipiti mdomoni. Unaweza kujifunga mdomo kwa kufuli na bado ikapanda. Dawa utaendelea kumeza, chakula utaendelea kukiangalia. Lakini anayesema kushona ndiko kunakokupandishia sukari, mwonyeshe hili daftari.”

Mabega ya Fundi yakashuka. Miezi mitatu alikuwa ameitwa mwongo kwa upole, na leo daftari lenyewe limemtetea. Akageuka kumtazama dada yake, akijua ameshinda. Kamanda alikuwa ameketi wima, mkoba umebanwa kifuani, hamtazami mtu.

“Na jambo jingine,” nesi akaendelea, macho bado kwenye kurasa. “Huyo Kamanda mwenyewe. Kiuno tisini na mbili. Tisini na tatu. Tisini na tano. Sasa tisini na nane, ndani ya miezi mitatu. Ukimwona mwambie aje apimwe. Huyo naye kuna kitu kinamsumbua.”



“Kumbe gauni lilikuwa linabana kweli,” Kamanda akasema, kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia. “Mimi nilidhani ananishonea vibaya.”

Nesi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaelewa. Akalifunga daftari taratibu. “Usingizi unapata, mama?”

“Nitapata wapi? Nikifumba macho namwona mama yetu sakafuni. Nikimgeuza, sura ni ya huyu.” Akamnyooshea Fundi kidole. “Basi naamka naenda jikoni, nakula nimesimama. Chochote nitakachokikuta.”

Miezi mitatu alikuwa akinusa vikombe vya mwenzake, kumbe mlaji wa kificho ni yeye. Fundi angependa kucheka, lakini hakuweza. Namba za kiuno kile aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, wiki baada ya wiki, na kila mara alilaumu kitambaa, au alisema kimoyomoyo kwamba dada anapenda tu kusumbua. Alimpima dada yake pande zote, asimuulize hata siku moja kama yu mzima.

“Dada,” akasema, “nilikuona unaongezeka nikanyamaza. Nilikuwa nimekukasirikia. Nisamehe.”

“Na mimi nilikupekua.”

“Ulinipekua sana.”

Wakatazamana, wakacheka, cheko la watu waliolala kitanda kimoja utotoni.

Nesi akatoa kisindano. Kamanda, aliyewafanya wanaume wazima wakae sawa, akauficha mkono nyuma. “Kesho,” akasema.

“Leo.” Fundi akaushika mkono ule, akakivuta kidole. “Tazama ukutani. Kwa mambo ya sindano, mimi ndiye mkubwa.”

Namba ikatokea: kumi na moja na nusu. Nesi akasema kipimo kimoja hakitoshi, arudi kesho asubuhi kabla ya kula, na kama ni kisukari basi wamekiwahi.

“Nitakuja naye,” Fundi akasema. Akachukua kalamu nyekundu, akafungua daftari kwenye magoti. “Sasa niandike nani? Dada?”

Kamanda akajifuta machozi kwa kiganja. “Kamanda. Nimeshalipenda. Ila kuanzia wiki hii nakuja Jumanne tu, na nitapiga hodi.”

“Na gauni? Nilifumue tena kiunoni?”

“Liache lilivyo,” Kamanda akasema. “Safari hii kiuno changu ndicho kitakacholifuata.”