Majina Kumi na Moja ya Gemu la Esikado

Ebo Quansah alikuwa amekibana kioo cha simu kwa vidole, gundi haijashika, Anti Araba alipoingia kibandani bila hodi na kuitupa simu yake mezani katikati ya skrubu.

"Sikiliza hiyo," alisema.

Lilikuwa tangazo. Sauti ya mwanamke, kavu na yenye dharau, ilikuwa inamsimanga mchezaji aliyekosa penalti: "Goli lote hilo, pana kama lango la bandari, na wewe bado unatafuta pa kupitia!" Vikafuata vicheko na muziki, kisha kijana mtanashati akatokea kuwakaribisha watu wanunue gemu jipya la mpira liitwalo Bola Plus. Sauti ile haikuwa ya mwigizaji. Ilikuwa ya Anti Araba mwenyewe, na nusu ya mji wa Takoradi iliijua, maana ndiyo aliyouzia kenkey, ugali wa mahindi yaliyochachushwa, kando ya uwanja wa Esikado kwa miaka ishirini.

"Uliniambia gemu lako ni la bure," alisema. "Ulikaa jikoni kwangu siku tatu na kile kinasa sauti chako, moshi ukakutoa machozi, ukaniapia hutauza mdomo wangu. Leo sokoni wananipongeza. Nimekuuzia lini, Ebo?"

Ebo aliitazama ile sura kwenye simu. Kijana yule alimjua. Alikuwa Jojo Arhin, aliyekula naye sahani moja.

Miaka mitatu Ebo alikuwa ametengeneza modi. Modi si kitu cha ajabu: unachukua gemu la kampuni ya mbali, unalivua nguo za kwao, unalivisha za kwenu. Yeye alikuwa ameondoa majani ya kijani akaweka udongo mwekundu wa Esikado. Alikuwa ameweka timu za mtaa, mabango ya mazishi ukutani, wanawake wenye mabeseni kwenye mstari wa kona, na Anti Araba akiwachamba wachezaji kwa Kifante. Watu walikuwa wakilipakua bure mpaka Accra na Lomé. Mchana alitengeneza simu za watu apate kula, na saa zilizobaki zilikuwa za modi.

Asubuhi hiyo tovuti alikoiweka ilikuwa imemtumia ujumbe wa mistari miwili: kazi yako imeondolewa, mwenyewe amelalamika. Mwenyewe! Alikuwa amepiga simu huku na huko, akaambiwa Jojo amesajili Bola Plus kwenye Mfuko wa Vijana Wabunifu wa wilaya, na ni kwa hati ya muda ya Mfuko huo tovuti ilimwamini. Mwenye pingamizi alipewa mpaka saa kumi alasiri ya leo. Saa kumi ikipita, hati inakuwa ya kudumu, na Ebo akithubutu kuiweka modi yake popote, mwizi atakuwa yeye.

Alimweleza Anti Araba yote hayo. Mama alimsikiliza mikono kiunoni, uso haujalegea hata kidogo.

"Basi twende wote," alisema. "Nikasikie kwa masikio yangu."

Alimwachia binti yake sufuria, akajifunga kitambaa upya. Ebo alichukua kompyuta yake kuukuu, ambayo betri yake ilikuwa ya kuombea dua, akafunga kibanda.

Ofisi ya Mfuko ilikuwa ghorofa ya tatu. Afisa wa dawati, Madam Felicia Eshun, aliwapa fomu akasema pingamizi halipokelewi bila nakala tatu za kitambulisho na nakala tatu za ushahidi. Umeme ulikuwa umekatika barabara nzima. Ebo akashuka, akatembea mitaa minne kutafuta duka lenye jenereta, akapanga foleni nyuma ya walimu wenye mitihani ya kudurufu. Aliporudi, Madam akaona kuwa nakala ya kitambulisho haina upande wa nyuma. Sheria ni sheria, alisema, na hakulisema kwa ubaya. Ebo akashuka tena. Aliporudi mara ya pili shati lilikuwa limemganda mgongoni na saa ya ukutani ilisema saa tisa na robo.

"Haya," Madam Eshun alisema. "Nithibitishie kuwa ni yako."

Hapo Ebo alikuwa na la kuonyesha. Watengenezaji modi wana desturi yao: kabla ya kuitoa kazi huwapa wenzao wachache waijaribu, na kila nakala hutiwa alama yake, kitu kidogo tu, ili ikivuja ijulikane imevujia kwa nani. Alama ya Ebo ilikuwa mbuzi. Katika uwanja wake kulikuwa na mbuzi amelala nyuma ya goli la kaskazini, akitazama barabarani. Katika nakala ya Jojo peke yake mbuzi alitazama goli. Na ni Jojo peke yake aliyepewa mafaili yakiwa wazi bila kufuli, kwa kuwa alilia kuwa simu yake dhaifu na anataka kuyapunguza uzito. Ebo alikuwa amempa bila kufikiri mara mbili. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa mfukoni kabisa.

Alifungua Bola Plus kwenye simu na modi yake kwenye kompyuta, akaviweka sambamba mbele ya afisa. Jojo alikuwa amebadilisha jina, rangi za jezi na mabango. Mbuzi hakumgusa. Alikuwa palepale, amelitolea macho goli.

Madam Eshun alicheka mpaka akavua miwani. "Kweli, mbuzi huyu kamkamata mtu," alisema, na Ebo akahisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hata Anti Araba alivuta kiti akakaa.

Kisha afisa akabonyeza mahali palipoandikwa watengenezaji, na orodha ikafunguka.

"Hawa wote ni kina nani?"

Ebo alieleza kwa fahari, masikini, hakujua anajichimbia. Kwa watengenezaji modi, ukichukua kwa mwenzako hata jani moja la nyasi, unaandika jina lake. Nyavu zilichorwa na Dieudonné wa Lomé. Jezi zilishonwa, kama wanavyosema wao, na Rakiya wa Tamale. Mvua ilikuwa ya mtu wa mji wa Bobo ambaye hawajawahi kuonana. Sauti ilikuwa ya Anti Araba aliyekaa hapa.

Madam alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Kumi na moja, pamoja na wewe. Timu kamili. Na huyu wa mwisho?"

Ebo alisoma jina. "Jojo Arhin. Alilijaribu gemu."

"Yaani unayemshitaki, umemshukuru."

"Ilikuwa kabla hajaiba, Madam."

Afisa alitoa jalada, akamgeuzia ukurasa. "Tazama fomu ya mwenzako. Mtunzi: Jojo Arhin. Basi. Jina moja, hana mgogoro na mtu. Wewe unaniletea kazi yenye wenyewe kumi na mmoja, juu ya gemu la kampuni ya ng'ambo. Nikupe hati ya nini?"

"Lakini lake ni gemu la kampuni hiyohiyo!"

"Yeye hakusema," Madam Eshun alijibu, na alilisema kama mtu anayesoma saa za basi.

Ebo alihisi hasira inampanda mpaka masikioni, na haikuwa na pa kutokea. Mwanamke yule hakuwa mla rushwa, hakuwa hata mkali. Alikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na mstari mmoja.

Afisa akainama, akashusha sauti. Alimwambia amemwonea huruma. Afute orodha ile palepale, abakize jina lake, abadilishe ukurasa mmoja wa ushahidi, naye atagonga muhuri kabla ya saa kumi. Mbuzi yupo, kesi iko wazi. "Hao wengine wako mbali, hawatajua," alisema. "Wewe ndiye uliyefanya kazi."

Saa ilisema zimebaki dakika kumi na nane. Betri ilikuwa asilimia sita. Ebo alifungua orodha, akayapaka rangi majina kumi ya chini yake, kidole kikabaki juu ya kitufe. Kwa kubonyeza mara moja gemu lingerudi kwake, sauti ya Anti Araba ingerudi, na Jojo angepoteza hati. Yote yale kwa kubonyeza tu.

Anti Araba alisogeza kiti. Hakujua kusoma zaidi ya jina la duka la unga.

"Langu liko wapi?" aliuliza.

Ebo akamwonyesha. Aliweka kidole chake, kilichoiva kwa mvuke wa kenkey, juu ya kioo, akakipitisha polepole mpaka mwisho wa jina.

"Refu," alisema. "Sikujua ni refu hivi."

Ebo aliondoa kidole kwenye kitufe. Akavuta fomu, na kwenye mstari wa mtunzi akaandika jina lake kwa herufi ndogo, halafu la Dieudonné, halafu la Rakiya. Mstari ulipokwisha akageuka ukingoni, akapanda na karatasi kwenda juu. Jina la Araba Atta aliliandika kwa herufi kubwa. Alipofika kwa Jojo alisimama, akauma meno. Jojo ndiye aliyegundua kuwa kipa alikuwa akipenya nyavu kama pepo, akakesha naye mpaka wakamtengeneza. Akamwandika pia: Jojo Arhin, mjaribu.

"Unaharibu fomu yangu, kijana," Madam Eshun alisema.

"Ndivyo ilivyotengenezwa, Madam."

Afisa alitazama saa. Akagonga muhuri. Pingamizi limekataliwa, fomu imejazwa isivyotakiwa. Saa kumi kasoro dakika tano.

Walishuka ngazi. Getini mlinzi alikuwa ameinamia simu, vidole vinakimbia. Penalti ikapaa juu ya goli, na kutoka kwenye simu ile sauti ikaanza kusimanga: "Goli lote hilo..."

Anti Araba alisimama mbele yake, akashika kiuno.

"Pana kama lango la bandari," alimalizia, kwa sauti ileile iliyouza kenkey miaka ishirini, "na wewe bado unatafuta pa kupitia!"

Mlinzi aliinua uso. Akaitazama simu, akamtazama mama wa watu, akaitazama simu tena.

"Ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Anti Araba, akamvuta Ebo mkono. "Na mwenye gemu ni huyu. Muulize mbuzi."