Usipulize Mrija

Sabuni! Hilo ndilo jina walilombandika Amulen tangu siku ile maabarani, pale shuleni kwao Tororo, alipovuta dawa ya kutengenezea sabuni kwa pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia, ikapita alama, ikapita shingo ya kioo, ikamjaa mdomoni akaitema mbele ya darasa zima. Watu walicheka mpaka wakashika meza! Tangu hapo, zamu yake ya kuvuta ikifika, anamsukumia Maggie, mwenzake wa meza, pipeti halafu anajifanya yuko bize anaandika.

Lakini angejifanya mpaka lini? Mwalimu Oketcho wa kemia alishasema: Jumatatu kila mtu anapima peke yake, mara tatu, na majibu yakipishana sana unatoka sayansi unakwenda historia. Na Amulen anataka unesi, basi. Hataki kingine.

Jumamosi akapanda boda mpaka kijijini Sikuda kwa bibi yake, Akwi, ambaye yeye humwita Tata. Akamkuta uani anasafisha mirija ya ajono, ile pombe ya ulezi inayonywewa na watu kumi kwenye chungu kimoja. Amulen akamwaga yote: pipeti, sabuni, historia.

Tata akaangua kicheko. "Sasa wewe, mtoto wa Kiteso, naogopa mrija?"

"Tata, ile ni dawa, inachoma!"

"Ndiyo maana ulimi nakaa mlangoni kwa mrija, kama askari wa mpaka wa Malaba. Leta maji."

Mirija ya siku hizi ni ya plastiki, unaona kabisa kitu kikipanda. Tata akavuta maji mpaka karibu na juu, akatoa mdomo, akaziba kwa kidole. Yakasimama! Akalegeza kidole kidogo tu, tone moja, tone la pili, akaziba tena. Bibi wa miaka sabini na kitu, meno manne, na mkono hautikisiki hata chembe! Amulen alijaribu akameza. Akajaribu tena, akameza tena. Tumbo lilikuwa limeshajaa ndipo maji yakamtii. Kwa furaha akapuliza mrija, pfuu, litoke lile tone la mwisho.

Pa! Tata akampiga kofi mkononi.

"Hapana puliza! Kwa chungu yetu, mtu napuliza mrija, tunafukuza. Yenye naanguka yenyewe ndiyo yako. Yenye nabaki, acha nabaki."

Jumatatu ikafika, maabara imejaa. Maggie hakukosa la kusema: "Sabuni, leo umekunywa chai au unangoja hii?"

"Nangoja wewe uweke sukari," Amulen akajibu, akachukua pipeti.

Akavuta. Ulimi mlangoni. Kidole juu. Alama! Akaachilia kwenye chupa, na tone moja likabaki limeng'ang'ania kwenye ncha. Huku na huku anasikia wenzake: pfuu, pfuu, pfuu. Kila aliyeshika pipeti anapuliza! Sasa afuate nani, watu sabini au Tata? Mkono ukamwasha pale pale alipopigwa. Akaliacha tone. Akapima hivyo hivyo mara tatu, akaandika majibu:

Ishirini na nne nukta moja. Ishirini na nne nukta moja. Ishirini na nne nukta mbili.

Mwalimu Oketcho akapita akisoma madaftari, uso umekunjika. Majibu ya Maggie yalikuwa yameruka kama mbuzi. Akafika kwa Amulen, akasoma, akasoma tena.

"Wewe hukupuliza. Nani alikuambia?"

"Tata yangu, mwalimu. Anatengeneza ajono."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Nyamazeni! Pipeti imepimwa ikihesabu kwamba hilo tone linabaki. Nilisema siku ya kwanza, lakini pipeti nne kwa watu sabini, wa nyuma waliona nini? Njooni hapa wote. Amulen, waonyeshe."

Akawaonyesha, polepole, mara tatu. Maggie alikuwa amesimama mbele kabisa, mdomo wazi.

"Wewe hutoki sayansi," mwalimu akasema. "Na huyo bibi lazima nimwone."

"Karibu Jumamosi, mwalimu. Ila njoo na mrija wako, kwetu hauazimwi."